Ufunguo umekatikia ndani ya kitasa na mlango umefungwa. Nimwite fundi au kuna la kufanya kwanza?

msimamizi_mkomani

Salaam aleikum. Naomba msaada wa wanaojua vitasa.

Nyumba iko Mkomani, Amu (Lamu). Mlango wenyewe si ule wa nakshi wa chini. Ni wa juu, pale ngazi inapoishia, mbao ni mbambakofi, na kitasa ni cha silinda, zile zenye tundu la ufunguo pande zote mbili. Ufunguo umekatika asubuhi hii wakati wa kufungua. Ulizunguka robo hivi, ukakwama, ukakatika shingoni. Kipande chenye meno kimebaki ndani, kimezama milimita moja au mbili kutoka usoni mwa silinda. Kichwa ninacho. Hakuna mtu ndani, na ufunguo wa akiba umefungiwa humo humo.

Jirani mmoja anasema nitie tone la gundi kali kwenye kichwa, nikigandishe na kipande, kisha nivute. Mwengine anasema silinda itobolewe na drili. Fundi niliyempigia simu yuko Mokowe, ng'ambo ya bara, na ametaja bei ya jumla bila hata kuuliza kitasa ni cha aina gani. Je, kuna la kufanya kabla hajavuka? Na akija nimuulize nini, nisije nikauziwa kitasa kizima kwa sababu ya kipande cha shaba?

Nimeweka picha ya kitasa na ya ufunguo niliyoipiga wiki iliyopita ulipokuwa mzima.

---

mchonga_funguo_malindi

Kabla ya jambo lolote, ndugu yangu, ondoa hiyo picha ya ufunguo. Meno yanaonekana wazi, na mchongaji mwenye jicho zuri anaweza kusoma kina cha kila bonde kwenye picha akauchonga ufunguo wako bila kuuona. Namba iliyopigwa kichwani nayo ifiche, maana kwa baadhi ya funguo namba hiyo ndiyo meno yenyewe kwa maandishi. Picha ya uso wa kitasa haina neno, iache.

Mengine nitarudi kuyasema.

---

fundi_vitasa

Waaleikum salaam. Gundi isikaribie hapo. Na usivute kitu.

Kila mtu akiona ufunguo umekatika anafikiria namna ya kutoa kipande. Wewe kwa sasa hutaki kitoke. Kipande kilichomo ndani bado ni ufunguo, kilichopotea ni mpini wake tu.

Acha nieleze kwa nini. Ndani ya silinda yako kuna pini tano au sita zimepangwa mstari mmoja. Kila pini ni vipande viwili, kimoja juu ya mwenziwe, na nyuma yake kuna springi. Meno ya ufunguo yanazisukuma mpaka maungio ya vipande hivyo yalingane na ukingo wa moyo wa silinda, ile sehemu ya duara inayozunguka. Zikilingana zote, moyo unazunguka. Ikipungua moja, hauzunguki. Wako umeshazunguka robo. Hiyo ni habari njema mara mbili: meno yako mahali pake, na hayawezi kuhama, kwa sababu moyo ukishatoka kwenye wima (pale ufunguo unapoingia na kutoka) pini hazina pa kurudi. Ukuta wa silinda umezizuia, nazo zimekikamata kipande kama kabari. Ndiyo maana kuvuta hapo ni kazi bure. Utapinda pini, au utavunja ncha ya kifaa iongezeke humo ndani, na kipande kisitoke.

Basi fungua mlango kwanza, kipande utakitoa baadaye. Fanya hivi:

Puliza mafuta mepesi ya kopo kwenye tundu, kidogo, kwa ule mrija wake mwembamba. Ukikosa, matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani yanatosha. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda yakawa utomvu. Subiri dakika kumi.

Tafuta bisibisi bapa ndogo ya upana wa milimita 2.5 au 3, za mafundi redio ni nzuri. Kwa kuwa kipande kimezama milimita moja au mbili, mbele yake kuna ufa mfupi wa tundu. Weka ncha ya bisibisi kwenye ufa huo, iguse kipande bila kukisukuma. Kukisukuma ni hatari: silinda nyingi za aina hii zinategemea bega la ufunguo, ule ukingo unaouzuia usiingie zaidi, kusimamisha meno mahali pake, na bega lako limebaki kwenye kichwa. Kipande kikipata nafasi kitapita ndani zaidi na meno hayatalingana tena.

Sasa punguza mzigo kwenye ulimi wa kitasa, kile chuma kinachotoka ubavuni mwa mlango na kuingia kwenye mwimo. Huu ndio mwiko ambao wengi wanauvunja. Ufunguo kwa kawaida haukatiki kwa sababu moyo umekwama. Aghlabu ulimi umebanwa na bati la mwimo, na mtu akalazimisha. Mwenzako aushike mlango, auvute kwenu, kisha ausukume, kisha aunyanyue kwa mpini, pole pole, huku wewe unazungusha bisibisi kwa vidole viwili. Pahali fulani utasikia umelegea. Hapo hapo zungusha. Ikihitaji zaidi ya nguvu za vidole viwili, acha, bado hujapata mahali.

Kitasa cha namna hii kwa kawaida kina mizunguko miwili kamili, na kila mmoja unarudisha ulimi nusu ya urefu wake. Ikiwa nje kuna kishikio kisichozunguka, utahitaji robo nyingine ya mwisho kurudisha ulimi mdogo wa springi. Kila unapopita wima, nenda taratibu, maana hapo tu ndipo kipande kinapoweza kuteleza. Usisimame kwenye wima, pitiliza.

Bisibisi ikikataa kushika, chukua kile kichwa ulicho nacho. Sehemu ulipokatika ina mikwaruzo inayolingana na ya kipande kama vipande viwili vya chungu. Kiweke kikae, kisha uzungushe navyo pamoja, bila gundi.

Mlango ukifunguka, uzuie usijifunge. Halafu silinda yenyewe inatoka: kwenye ubavu wa mlango, kwenye lile bati refu la kitasa, usawa wa silinda, kuna skrubu moja ndefu ya M5, yaani ya unene wa milimita 5. Ifungue yote. Ndani ya silinda kuna jino la chuma linalozunguka na linaizuia isipite. Zungusha moyo kidogo kulia au kushoto ya wima, kama mshale mrefu wa saa unavyosogea kwa dakika tano hivi, huku ukisukuma silinda kwa kidole gumba upande wa pili. Jino likiingia usawa wa mwili, silinda inateleza nje.

Na hapo shida yako ya Mokowe imekwisha. Huna haja tena ya kumvusha fundi na mkoba wake. Silinda inaingia mfukoni, wewe ndiye unayemfuata.

Neno moja la dharura. Kama ndani kuna mtoto, mgonjwa au jiko linawaka, yote niliyoandika hapo juu hayafai. Vunja, uingie.

---

bi_langoni

Fundi amesema gundi isikaribie lakini hakusema kwa nini, na kwa kuwa ushauri huu hautaacha kutolewa, nauongezea.

Gundi kali ni nyepesi kama maji. Ukiitia kwenye tundu haibaki kwenye ncha ya kipande, inavutwa na nyufa nyembamba, na nyufa nyembamba kuliko zote humo ni zile kati ya pini na vyumba vyake, na kati ya moyo na mwili wa silinda. Inaganda kwa sekunde. Pini moja ikigandishwa, silinda imekwisha. Tena kipande kimeshapakwa mafuta, gundi haikamati kwenye mafuta, kwa hivyo itaganda kila mahali isipokuwa pale ulipotaka.

Sumaku nayo haina faida. Funguo nyingi ni za shaba ya manjano, hata zile nyeupe ni shaba iliyopakwa au kuchanganywa nikeli, na sumaku haivuti shaba. Jaribu kwenye kichwa ulicho nacho: kisiponata huko, hata kipande hakitanata.

Sindano, pini ya nywele na waya wa fagio vinapinda. Kikipinda humo ndani mnakuwa na vitu viwili vya kutoa.

---

msimamizi_mkomani

Picha ya ufunguo nimeiondoa, ahsante. Mafuta nimetia. Bisibisi ya milimita 3 imeshika. Naomba niulize: mlango ukivutwa moyo unasogea kidogo tu kisha unagonga. Ukinyanyuliwa ndiyo unaenda. Hiyo ina maana gani?

---

seremala_shela

Ina maana mlango umeshuka. Ulimi unakaa chini kuliko tundu lake kwenye mwimo, unasugua ukingo wa chini wa bati. Unyanyueni kwa nguvu za wastani, mmoja ashike mpini na mwengine atie mtaimbo mdogo au patasi pana chini ya mlango juu ya kipande cha ubao, anyanyue milimita mbili tatu. Utazunguka.

Ukifunguka, msisahau kwamba hiyo ndiyo sababu. Silinda mpya na ufunguo mpya kwenye mlango ulioshuka vitakatika tena mahali pale pale. Kipimo ni rahisi: zungusha kitasa mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Ukiwa wazi ni mwepesi na ukifungwa ni mzito, kosa liko kwenye mlango, si kwenye kitasa. Paka masizi au chaki kwenye ncha ya ulimi, funga, zungusha mpaka uguse, fungua uangalie alama imeachwa wapi kwenye bati.

Alama ikiwa chini kwa milimita moja, chukua tupa upanue tundu la bati upande wa chini. Ikizidi milimita mbili usiendelee kula bati, rudi kwenye bawaba. Bawaba ya juu ndiyo inayolegea, kwa kuwa ndiyo inayobeba mvuto. Mara nyingi skrubu zake ni za chuma cha kawaida, hewa ya chumvi imezila, unaona kichwa kizima lakini mwili umebaki uzi. Toa moja moja, usizitoe zote kwa pamoja mlango ukakuangukia. Weka za chuma kisichoshika kutu au za shaba, urefu wa milimita 50 kama mwimo una unene wa kutosha.

Mbambakofi ni ngumu sana, skrubu ya shaba ukiipeleka moja kwa moja itakatika shingo, nawe utapata kipande cha pili cha kutoa siku hiyo hiyo. Toboa kwanza tundu la unene wa shina la skrubu bila nyuzi zake. Ingiza skrubu ya chuma ya kipimo kile kile ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba, umeipaka sabuni ya mche au nta.

Acha pengo la milimita 2 hadi 3 kuzunguka mlango. Fremu iliyopakiwa ukutani kwenye nyumba za mawe ya matumbawe haikai sawa mwaka mzima: ukuta unanyonya unyevu wa masika, fremu inavimba, na pengo la milimita moja linakwisha.

Na kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na milango ya nakshi: kama ufunguo umekatikia kwenye kufuli la riza, ule mnyororo wa mlango, kata kufuli. Usikate tumbuu, kile kipete cha chuma kinachoishika riza, usitoe riza, usipige patasi mbao. Kufuli lanunuliwa dukani, tumbuu iliyofuliwa kwa mkono haipatikani. Mji Mkongwe wa Amu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango hiyo ni sehemu ya sababu. Mashine ya kukatia chuma inatoa cheche, basi chini ya makuti usiiwashe. Tumia msumeno wa chuma au mkasi mkubwa wa kukatia vyuma.

---

mchonga_funguo_malindi

Nimerudi. Acha nieleze kutoa kipande silinda ikiwa mkononi, kisha habari ya kumwita fundi, kwa kuwa ndilo uliloanza nalo.

Kwanza rudisha moyo kwenye wima, ile hali ambayo ufunguo huingia na kutoka. Hapa usikisie. Angalia tundu upande wa pili wa silinda, au tafuta alama usoni: tundu lazima lielekee sawasawa kwenye ule mguu wa silinda unaoning'inia. Ukikosea kwa nyuzi tano tu, kipande hakitoki.

Pili jua meno yako wapi. Kwenye silinda hii, mguu uliobeba pini unaning'inia chini, kwa hivyo meno ya ufunguo yanatazama chini. Vitasa vya kubandika vya mtindo wa Yale vya zamani, pini ziko juu na meno yanatazama juu. Kifaa kinaingia upande wa meno, kwa sababu ndio wenye mabonde ya kunasa. Upande wa mgongo ni laini, hauna pa kushika.

Kifaa cha kununua ni ukanda wa chuma cha pua wa unene wa nusu milimita wenye ndoano ndogo nchani. Kisipopatikana, chukua bledi ya ule msumeno wa fremu ya upinde ambao mafundi wa nakshi na fanicha hukatia mapambo. Upana wake ni milimita 3 hivi, unene nusu milimita. Hapo Amu huwezi kuikosa. Iingize meno yake yakitazama nyuma, yaani kwako, iteleze kati ya kipande na pini mpaka ipite bonde la kwanza na la pili. Izungushe kidogo sana ili meno yaume kwenye shaba, kisha vuta moja kwa moja, taratibu. Kikija nusu milimita, rudia. Watu hukata tamaa kwenye jaribio la tatu, na kipande hutoka kwenye la kumi.

Bledi moja ikishindwa, tumia mbili, moja kila ubavu wa kipande, uzikamate pamoja kwa koleo la mdomo mrefu na uvute. Kikitokeza milimita moja nje usikimbilie kukibana kwa koleo nene, midomo yake itakirudisha ndani. Tumia kibano chenye ncha nyembamba.

Bledi ya msumeno wa chuma inafaa pia lakini ni pana, milimita 12 hivi, lazima isagwe mpaka ifike 3. Ichovye majini kila baada ya sekunde chache. Ikigeuka bluu imepoteza ugumu na itapinda.

Kufuli ni hadithi nyingine, fupi. Lielekeze tundu chini, tia mafuta, ligongegonge kwa kipande cha mbao huku ukitikisa bledi. Uzito wa kipande chenyewe unasaidia.

Sasa kuchonga mpya. Leta vipande vyote viwili, usitupe kichwa. Visiungwe kwa risasi wala kuchomelewa, maana joto linapinda na kiungo kinaongeza urefu. Mchongaji anavibana kwenye jiriwa ya mashine vikigusana barabara, au bora zaidi anapima kina cha kila bonde kwa vernia, kile kipimio cha vitu vidogo, na kuchonga kwa namba. Kosa la sehemu ya kumi ya milimita linatosha kuufanya ufunguo ung'ang'anie. Kama ule uliokatika ulikuwa nakala ya nakala, uchakavu wote wa waliotangulia umo ndani yake. Ukishafika kwenye ufunguo wa akiba ule wa awali, chongesha kutoka kwa huo, hata kama una kutu kidogo. Na uombe ufunguo wa shaba yenye nikeli, si ule mwepesi wa rangi. Huo mwepesi huchongeka haraka, na kwenye bonde lenye kina karibu na bega hukatika haraka vile vile.

Habari ya fundi. Bei ya jumla kwenye simu bila kuuliza aina ya kitasa ni dalili mbaya. Mpelekee picha tatu: uso wa kitasa, ubavu wa mlango kama unaonekana, na tundu limemulikwa tochi ili kipande kionekane. Kisha mwambie akutajie bei nne mbalimbali: nauli ya boti kwenda na kurudi, kufungua mlango, kutoa kipande, na kuchonga ufunguo kwa kila mmoja. Silinda mpya iwe bei ya tano, na ailete na risiti yake. Muulize atafanya nini kwanza akifika. Akijibu kuhusu mafuta, wima na ndoano, huyo mwache avuke. Akijibu drili, muulize kwa nini. Kutoboa kuna wakati wake, kwa mfano pini zimeganda kwa kutu au kuna gundi, lakini ni hatua ya mwisho, na hata hapo kinachoharibika kiwe silinda peke yake. Hakuna sababu ya kubadilisha kitasa kizima.

Na fundi mwema atakuuliza wewe nawe. Atataka kitambulisho, au mwenye nyumba aongee naye kwa simu, au mzee wa mtaa asimame hapo. Usikasirike. Anayefungua mlango wa mtu bila kuuliza chochote atafungua na wako.

Ukimaliza, safisha kwa mafuta mepesi, pangusa, kisha unga wa risasi ya penseli.

---

fundi_vitasa

Yote sawa isipokuwa hilo la mwisho, na naomba lisipite.

Unga wa penseli ni dawa nzuri kwa kitasa kikavu cha bara. Pwani, na hasa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari wakati wa kusi, siushauri. Unga huo ukikutana na unyevu wa chumvi unaharakisha kuliwa kwa metali, na silinda za bei ya chini zina sehemu za zinki ndani, ndizo zinazoliwa kwanza. Tena ukimwaga unga juu ya mafuta yaliyobaki, unapata tope jeusi linaloshika vumbi la chokaa linalodondoka kutoka kwenye kuta zetu.

Tumia dawa kavu ya kupuliza ya silikoni au ya tefloni, mara mbili kwa mwaka: mara moja kabla ya masika, mara moja upepo wa kaskazi unapoanza. Puliza kidogo, ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi, upanguse kila unapotoka mpaka utoke msafi. Ukiwa huna kitu kingine ila mafuta ya cherehani, basi hayo, tone moja, lakini kila miezi miwili. Yale mafuta ya kopo ya kuondolea kutu yanafaa kusafishia na kufukuza maji, hayadumu kama kilainishi.

---

mchonga_funguo_malindi

Nakubali. Kwa nyumba za ufukweni, silikoni. Kwa duka la ndani lenye hewa kavu, bado nitabaki na penseli.

---

msimamizi_mkomani

Mlango umefunguka. Ni kama mlivyosema, ulinyanyuliwa, ukazunguka mara mbili kwa bisibisi bila taabu. Bawaba ya juu imelegea, skrubu mbili kati ya nne hazina mwili.

Sasa ile skrubu ndefu ya ubavuni ndiyo haitaki. Kichwa kina kutu na msalaba umeanza kulika. Je, niendelee?

---

fundi_vitasa

Simama hapo kabla msalaba haujaisha.

Tia mafuta ya kuondolea kutu kwenye kichwa na pia kutoka kwenye tundu la silinda upande wa pili ukiweza. Acha saa nzima, au mpaka kesho kama huna haraka, mlango uko wazi. Chukua bisibisi ya msalaba ya namba 2 yenye ncha isiyolika, iweke, igonge kitakoni kwa nyundo mara tatu nne ndogo ili kutu ipasuke. Kisha kwanza *kaza* kidogo, digrii chache tu, halafu legeza. Kukaza kunavunja mshikamano wa kutu bila kuilemea skrubu. Ikiteleza, weka kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kati ya bisibisi na kichwa, ukandamize kwa uzito wa mwili.

Usitoboe kichwa kwa drili. Shina litabaki ndani limepita katikati ya kitasa na kuingia kwenye silinda, na hapo hakuna kitakachotoka kwa upande wowote.

Ikikataa kabisa, iache silinda mahali pake. Mlango uko wazi, moyo uko wima, kipande kinaweza kutolewa hapo hapo kwa bledi kama alivyoeleza ndugu wa Malindi. Kuitoa silinda ni urahisi, si lazima. Ukishakitoa, na ufunguo wa akiba unao sasa, jaribu mara kadhaa mlango ukiwa wazi kabla ya kuufunga.

---

msimamizi_mkomani

Ile mbinu ya kukaza kwanza imeifungua. Silinda iko mkononi, kipande kimetoka kwa bledi ya mchonga nakshi wa hapa jirani, jaribio la saba. Nikiingiza ufunguo wa akiba upande wa nje unazunguka, lakini unachomoka kwa shida. Nikitaka kununua mpya nipime nini?

---

mchonga_funguo_malindi

Kuchomoka kwa shida huenda ni springi au pini moja iliyochakaa, ibadilishe kabla haijakukatia wa pili.

Pima kutoka *katikati ya tundu la skrubu* hadi kila mwisho, pande zote mbili, uziandike kando kando: kwa mfano 30 nje na 40 ndani. Ukipima urefu wote peke yake utapata 70, na dukani utapewa 35 kwa 35, ambayo itatokeza nje upande mmoja na kuzama upande mwengine. Silinda isitokeze zaidi ya milimita 3 kutoka kwenye bati la nje, kwa kuwa inayotokeza inashikika na kuvunjwa. Milango ya mbambakofi huwa minene, kwa hivyo pima na unene wa bati zote mbili. Chukua yenye mwili wa shaba, uijue kwa uzito mkononi ukiilinganisha na ya zinki. Uliza pia kama inafunguka kwa ndani hata ufunguo ukiwa umeachwa upande wa nje, zipo za hivyo, nawe ungeihitaji kama leo kungekuwa na mtu ndani: silinda ya kawaida, kipande kikikaa upande mmoja, ufunguo wa upande wa pili haufiki mwisho.

Skrubu ile ya zamani usiirudishe. Nunua M5 ya chuma kisichoshika kutu ya urefu ule ule, ipake grisi kidogo kwenye nyuzi, na ukaze mpaka silinda isicheze, basi. Ukikaza kupita hapo inavuta silinda upande mmoja na ufunguo unaanza kuwa mzito.

Leta vipimo hapa kabla hujalipa.